Dereva wa Lori la Mafuta: Mshahara Wake na Saa Zake za Kazi

Kila siku alfajiri, watu wa Makadara, Hamza, Maringo na Mbotela hushuka kwa miguu kwenda Viwandani kutafuta riziki. Miongoni mwao wamo madereva wa malori ya mafuta. Bomba la mafuta kutoka Mombasa lilifika Nairobi mwaka 1978, na huko Viwandani malori hupanga safu yakingoja kujazwa petroli, dizeli na mafuta ya taa, ili yapelekwe mijini na vijijini. Mkulima anayewasha taa yake jioni, na karani anayepanda basi kwenda ofisini, wote wawili wamtegemea mtu huyu. Lakini ni wachache waulizao analipwaje, na amelala saa ngapi.

Kwa kawaida fedha za dereva wa safari ndefu ni za namna mbili. Za kwanza ni mshahara wa mwezi. Za pili ni posho ya safari, yaani fedha za chakula na malazi apewazo anapoondoka. Wako waajiri ambao huufanya mshahara kuwa mdogo, kisha huongeza kitu kidogo kwa kila safari inayomalizika. Dereva naye huona vema, kwa kuwa fedha za safari huzipata mkononi upesi. Lakini hebu tufikiri. Mtu alipwaye kwa safari hutaka safari nyingi. Na kwa kuwa barabara haiwezi kufupishwa, jambo moja tu laweza kupunguzwa, nalo ni usingizi. Hivyo dereva huanza kuuza usingizi wake kidogo kidogo, wala hajui bei yake mpaka siku ya msiba.

Sheria za Kenya hazikukusudia iwe hivyo. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha dereva wa lori kubwa katika Nairobi kuwa shilingi 34,302.75 kwa mwezi. Tangu Novemba 1, 2024, viwango hivyo viliongezwa asilimia 6. Fedha hizo ni mshahara mtupu. Kama mwajiri hampi mtu nyumba, yampasa kumwongezea fedha za pango, asilimia 15 ya mshahara huo. Kwa hiyo posho ya safari si sehemu ya kima hicho. Mtu akipewa fedha za kula njiani, kisha akaambiwa kwamba hizo ndizo zinazoujaza mshahara wake, anadanganywa.

Tena kuna sheria ya saa. Sheria ya Barabara, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, inakataza mtu ye yote kuendesha gari la biashara zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Tupige hesabu. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni kama kilomita 480. Lori lililojaa, likipanda kutoka pwani na kupita katika vituo vya mizani, likienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, litahitaji zaidi ya saa 9. Basi dereva mmoja hawezi kuimaliza njia hiyo kwa siku moja bila kuivunja sheria. Bwana mkubwa amwambiaye, "Kesho asubuhi nataka kukuona hapa," amemwagiza kosa, na polisi watakapokuja, atakayetiwa pingu kwanza ni dereva.

Jambo hili lilipata uzito mpya wakati mafuta ghafi ya Turkana yalipoanza kusafirishwa. Juni 3, 2018, Rais Uhuru Kenyatta aliyaaga malori ya kwanza yaliyoyachukua mafuta hayo kutoka Lokichar kwenda Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hesabu yetu ile ile, safari hiyo ni ya siku tatu za sheria kwenda peke yake. Mwezi huo huo wananchi wa Turkana walizuia malori wakidai ulinzi, na safari zikasimama mpaka Agosti. Mwaka uliofuata, Agosti 2019, meli ilipakia mapipa 200,000 yaliyofikishwa pwani kwa magurudumu hayo, nayo yakauzwa kwa dola kama milioni 12 za Marekani. Mwaka 2020 kazi ilisimamishwa, na barabara zilizoharibiwa na mvua zilikuwa sababu mojawapo. Mwaka 2025 kampuni ya Tullow ilikubali kuiuzia kampuni ya Gulf Energy mali yake ya Kenya. Mafuta hayo yakirudi barabarani, vijana wengi wa mitaa yetu watatafuta kazi huko. Yafaa wajue mapema cha kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Kuna malalamiko mengine ambayo husikika mara nyingi katika vibanda vya chai: upungufu wa mafuta. Dereva hujaziwa lita kadha, na afikapo hupimwa, ikaonekana zimepungua. Mara hukatwa mshahara, na pengine huitwa mwizi. Kweli wako wanaofungua tangi njiani na kuuza. Hao ni wezi, nao wawaharibia jina wenzao. Lakini mafuta hutanuka yakipata joto na kusinyaa yakipata baridi. Lita 30,000 za petroli zikipoa kwa nyuzi 10 za sentigredi zaweza kupungua lita kama 300, wala hakuna mkono wa mtu uliozigusa. Ndiyo maana wenye maarifa hupima joto pamoja na wingi, kisha hugeuza hesabu kwa kipimo kimoja cha joto. Dereva aliyejaziwa kwenye jua la Mombasa na kushusha katika baridi ya Limuru ana haki ya kudai kwamba joto liandikwe kwenye karatasi zote mbili. Tena Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kukata fedha za hasara iliyotokana na kosa la makusudi tu, na makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Baridi ya Limuru si kosa la makusudi la mtu ye yote.

Ubaya wa ajali ya mafuta hauhitaji maelezo marefu. Januari 31, 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu walikusanyika kuteka mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Moto huo watukumbusha ni mzigo wa namna gani unaochukuliwa na mtu huyu nyuma ya kiti chake. Mchukuzi wa mahindi akisinzia, huenda akajidhuru yeye na wachache alio nao njiani. Mchukuzi wa petroli akisinzia, hatarini wamo watu wa kijiji kizima.

Wenyeji wa Nairobi wanayo historia katika mambo haya. Oktoba 1949 madereva wa teksi wa mji huu waligoma kwa sababu ya sheria ndogo za mji, na chama cha wafanya kazi wa uchukuzi kilikuwa na viongozi mashuhuri, Fred Kubai akiwa mmoja wao. Siku zile kuunda chama kulimpeleka mtu kifungoni. Tangu Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41 kimempa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki, ya kuingia katika chama, na ya kugoma. Aliye na haki hii asipoitumia, amlaumu nani?

Basi, dereva mpenzi, shika mambo manne. Kwanza, kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na ni mwajiri apaswaye kuuandika. Msipopatana mbele ya hakimu naye hana mkataba wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha u juu yake. Pili, dai hati ya mshahara kila mwezi, ionyeshayo mshahara, pango na makato, kila kimoja mahali pake. Tatu, uwe na daftari lako mwenyewe, uandike saa ya kuondoka, ya kupumzika na ya kufika. Nne, ukidhulumiwa usikae kimya miaka mingi. Nenda kwa chama chako au kwa Afisa wa Kazi, kwa maana madai ya kazi yasiyofikishwa mahakamani katika miaka mitatu hupotea. Na ukiumia kazini, kumbuka kwamba sheria ya fidia ya mwaka 2007 humlazimisha mwajiri kuwakatia bima watu wake; aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi alipwe mishahara ya miezi 96.

Nanyi makarani mnaoandika vocha za safari, kalamu yenu ina nguvu kuliko mnavyodhani. Mkiandika saa za kweli na joto la kweli, mtaokoa mshahara wa mtu na pengine roho yake.

Twajua wahenga walisema, ajali haina kinga. Twakubali, maana mvua, ng'ombe barabarani na gurudumu lipasukalo havina kinga. Lakini mtu kuendesha saa 16 bila kulala, kwa kuwa mshahara wake hautoshi mpaka aongeze safari nyingine, jambo hilo lina kinga, nayo imeandikwa katika sheria. Mambo aliyoyapanga Mungu twayaita makadara. Uchovu wa dereva umepangwa na watu, nao wawezao kuupangua ni watu.