Tairi Jipya Husomwa Ubavuni

Karibu kila jambo ambalo mnunuzi wa tairi la gari dogo anahitaji kulijua limeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Tatizo ni kwamba maandishi hayo ni madogo na yamejaa vifupisho, na dukani macho hukimbilia kashata, yale mafungu ya mpira yanayokanyaga barabara. Kashata nene hupendeza, lakini husema machache. Tairi lenye kashata nene laweza kuwa la saizi isiyofaa, laweza kuwa limekaa ghalani miaka sita, na laweza hata kuwa limetengenezwa kwa ajili ya barabara za theluji.

Mfano mzuri ni tairi lililoandikwa 195/65R15 91H, saizi inayoonekana sana Dar es Salaam na Nairobi kwa sababu huvaliwa na magari mengi kama Toyota Premio na Corolla Fielder. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, nacho hutajwa kama asilimia ya upana: asilimia 65 ya 195 ni karibu milimita 127. Herufi R ina maana kwamba nyuzi za ndani hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, muundo ambao leo unatumika kwa karibu magari madogo yote. Namba 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Ukijumlisha ubavu wa juu, ringi na ubavu wa chini, tairi zima huwa na kipenyo cha milimita 635 hivi.

Saizi sahihi haitafutwi kwenye tairi lililochakaa, kwa kuwa gari lililopita mikononi mwa watu kadhaa huenda lilikwisha kubadilishiwa saizi zamani. Hutafutwa kwenye stika iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au kwenye kitabu cha gari. Anayevaa 205/65R15 badala ya 195/65R15 huongeza kipenyo kwa takriban asilimia 2, hivyo mshale wa spidi unaposoma 100 gari huwa linakwenda karibu 102. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini gari likikata kona huku limejaza abiria, tairi pana zaidi laweza kusugua matao ya bodi.

Kishawishi kikubwa zaidi ni ringi kubwa yenye tairi jembamba ubavuni. Kutoka 195/65R15 kwenda 205/55R16 kipenyo cha nje karibu hakibadiliki, ila ubavu hupungua kutoka milimita 127 hadi 113. Hizo milimita 14 ndizo zilizokuwa zikipokea pigo la shimo au tuta lisilo na alama. Zikiondoka, pigo huenda kwenye ringi, nyuzi za ubavu hukatika, na tairi hutoa nundu ambayo fundi yeyote mwaminifu atakataa kuiziba. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi katika barabara za mitaani kwetu, ubavu mrefu wa kiwandani unafaa kuliko sura ya ringi.

Alama ya 91H huhusu mzigo na mwendo. Namba 91 ina maana kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 615. 88 ni kilo 560, na 82 ni kilo 475. Herufi ni kikomo cha mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Herufi haipaswi kumsumbua sana mtu anayeshinda kwenye foleni, ingawa haifai kushuka chini ya ile ya kiwandani. Namba ya mzigo, kinyume chake, ni ya kuangaliwa kwa makini, kwani ndiyo hupuuzwa na ndiyo hupasua matairi. Tairi lililozidishiwa mzigo hujikunja mno kila linapozunguka, hupata joto ndani, na safu zake huachana. Matoleo ya mizigo ya magari kama Toyota Probox hutoka kiwandani na matairi yenye alama ya LT, yaliyoundwa kubeba zaidi. Kuyabadilisha kwa tairi la kawaida la bei nafuu, kisha kuendelea kupakia magunia, ni kuomba ajali.

Umri wa tairi nao umeandikwa. Baada ya herufi DOT hufuata mlolongo wa herufi na namba, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, hivyo ni vyema kuligeuza. Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji miaka mingi iliyopita, na Sameer Africa ikafunga kiwanda chake cha Nairobi mwaka 2016. Matairi mengi ya dukani sasa yamevuka bahari, yakapita bandarini, yakakaa kwenye maghala ya jumla, na mengine yakapangwa nje ya duka juani. Joto, mwanga wa jua na hewa yenyewe huukausha mpira hata kama tairi halijawahi kukanyaga lami. Ushauri unaotolewa na baadhi ya watengenezaji wakubwa ni kulikagua tairi kila mwaka likishatimiza miaka mitano ya matumizi, na kuliondoa likifika miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama kashata bado zipo. Anayenunua lenye umri wa miaka minne kwa bei ya jipya amelipia muda ambao hatautumia, na ana haki ya kudai apewe lingine au apunguziwe bei.

Matairi ya mtumba huja na historia isiyojulikana. Nyufa ndogo katikati ya kashata, kiraka ubavuni, au msumari uliozibwa kwa haraka hauonekani tairi likiwa limepakwa rangi nyeusi na kung'arishwa. Kuna pia yale yanayokuja yamevaliwa na magari ya mtumba kutoka Japani, hasa yaliyotumika sehemu za baridi kali kama Hokkaido. Mengi kati yake ni ya majira ya theluji: yameandikwa STUDLESS, au yana mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani, na kashata zake zimechanwachanwa mistari mingi myembamba. Mpira wake ni laini ili usigande kwenye baridi. Kwenye lami ya joto la nyuzi 50 mpira huo huyumba, huongeza umbali wa kusimama na huisha upesi. Wengi huyasifu kwa kuwa mapya na laini, na kuendelea kuyatumia. Yanastahili kutolewa mapema.

Baya kuliko yote ni tairi kipara lililochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto. Baadhi ya matairi ya malori hutengenezwa na unene wa ziada kwa kusudi hilo, nayo huandikwa REGROOVABLE. Tairi la gari dogo halina unene huo. Mfereji mpya hufika karibu na nyaya, na kinachobaki kati ya nyaya hizo na lami ni ngozi nyembamba ya mpira.

Sasa mvua. Wakati wa masika maji husimama barabarani kuliko mifereji ya kando inavyoweza kuyachukua, na kazi ya mifereji ya tairi ni kuyasukuma pembeni ili mpira uiguse lami. Tairi jipya huwa na kina cha takriban milimita 8. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, na mahali vilipo huonyeshwa ubavuni kwa pembetatu au herufi TWI. Kashata zikilingana na vinundu hivyo kina kimebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Kwa kweli uwezo wake kwenye maji umeanza kushuka kabla ya hapo, na anayeendesha mjini wakati wa mvua hufanya vyema kulibadilisha kina kikibaki milimita 3.

Uwezo huo unaweza kulinganishwa dukani. Matairi yanayouzwa pia Ulaya huja na stika ya madaraja: tangu Mei 2021 madaraja ni A hadi E, moja kwa matumizi ya mafuta na jingine kwa mshiko kwenye maji. Mengine yana maandishi ya utaratibu wa Marekani ubavuni: TREADWEAR na namba, TRACTION kuanzia AA hadi C, na TEMPERATURE kuanzia A hadi C. Namba ya TREADWEAR hukadiriwa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo haifai kulinganisha kampuni mbili. Mpira mgumu hudumu lakini mara nyingi mshiko wake ni hafifu. Mpira laini hushika na huisha. Watengenezaji bora hulipunguza pengo hilo kwa kemia ya mpira, na hapo ndipo tofauti ya bei hutoka. Kwa gari la kila siku, mshiko kwenye maji na uvumilivu wa joto vitangulie, kilomita zifuate, jina la kampuni mwisho. Matairi manne ya daraja la kati yaliyotoka kiwandani mwaka jana ni bora kuliko mawili ya jina kubwa yanayochanganywa na mawili yaliyochoka.

Fedha zikitosha kununua mawili tu, mafundi wengi huyafunga mbele, kwa hoja kwamba injini huvuta kwa mbele. Ushauri wa watengenezaji ni kinyume: mapya yaende nyuma. Matairi ya mbele yakielea juu ya maji, gari hunyooka, dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi, hupunguza mwendo na gari humrudia. Ya nyuma yakielea, mkia hutoka, gari huzunguka katikati ya kiplefti, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirekebisha.

Kabla ya mapya kufungwa, yale ya zamani yatazamwe. Yakiwa yamekwisha katikati, upepo ulizidi. Kingo zote mbili, upepo ulipungua. Ukingo mmoja tu, alaimenti imeharibika. Yakiwa na mabonde mabonde, shokapu zimechoka. Matairi mapya kwenye gari lenye hitilafu hizo yataisha vilevile.

Wakati wa kufunga, mshale wa ROTATION uelekee mbele na neno OUTSIDE libaki nje. Vali zibadilishwe, magurudumu yabalansiwe, na tyubu isiingizwe kwenye tairi lisilohitaji tyubu, kwani misuguano huleta joto. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kwa kufuata stika ya mlangoni. Magari ya Kijapani huandika kPa, na 230 kPa ni takriban PSI 33. Namba ya juu kabisa iliyoandikwa ubavuni ni kikomo, haikukusudiwa kujazwa. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Spea nayo huzeeka ikiwa butini, na tarehe yake isomwe siku hiyo hiyo. Ikiwa ni ile nyembamba ya muda, mwendo wake wa juu ni kilomita 80 kwa saa, na upepo wake kwa kawaida ni 420 kPa, yaani karibu PSI 60, ambao fundi wa pancha asipoambiwa huujaza nusu.