Siku tatu za kuitoa boti Kirumba

Ngulyati, wilayani Bariadi, haina ziwa. Ina pamba, choroko, ng'ombe na vumbi la kiangazi, na mtu akitangaza pale senta kwamba amenunua boti, wa kwanza kucheka watakuwa ndugu zake. Lakini Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 ulipewa pia Wilaya ya Busega, iliyomegwa kutoka Magu, na kwa njia hiyo ukapata ufuko wake kwenye Ziwa Victoria. Kutoka Bariadi hadi Lamadi, kwenye ufuko huo, ni lami ya kilomita 70 hivi. Mkulima aliyepata bei nzuri ya pamba, au mfugaji aliyepunguza zizi, anaweza kabisa kuwa na boti ya kukusanyia dagaa au kuhudumia vizimba vya sato. Tangu Rais Samia alipokabidhi boti na vizimba vya mkopo jijini Mwanza Januari 2024, habari za boti za faiba zimefika mbali na maji.

Shida huanza ukishalipa. Boti iko Kirumba, Mwanza; kazi iko Lamadi. Wengi watakushauri uipandishe kwenye fuso, na kwa kiboti cha mita tano ushauri huo si mbaya. Kwa boti ya mita tisa yenye injini mpya ya farasi 40, mimi ningeipeleka kwa maji, na ningetenga siku tatu kwa safari ambayo basi huimaliza asubuhi moja. Si kwa ajili ya kubana matumizi. Injini mpya inahitaji saa kama kumi za mwanzo za kuendeshwa kwa upole, bila kukazwa, ndipo vyuma vyake vizoeane. Boti mpya nayo ina siri zake: panapovuja, inavyolalia upande, inavyogeuka ikiwa na mzigo. Bora mambo hayo yajulikane fundi akiwa bado karibu kuliko usiku wa kwanza wa kazi.

Kuna aliyewahi kupeleka boti kwenye Ghuba ya Speke, ilipo Lamadi, kwa njia ngumu kuliko fuso. Novemba 1874 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo na boti yake, Lady Alice, ikiwa imekatwa vipande na kubebwa mabegani mwa wapagazi hadi Kageye, jirani na Kayenze ya leo. Tarehe 8 Machi 1875 ikaingia majini, na kabla ya kulizunguka ziwa zima kwa siku 57 ilianza kwa kuelekea mashariki kufuata ufuko wa kusini, kuupita mdomo wa Mto Simiyu. Ni njia ileile ya kwenda Lamadi. Vitabu vinamtaja mwenye boti, ilhali makasia na usukani vilikuwa mikononi mwa waungwana aliotoka nao Zanzibar.

Kwa hiyo kabla ya petroli, tafuta nahodha. Usimwulize ameendesha miaka mingapi. Mwulize hivi: upepo ukitukuta kati ya Kayenze na Magu, tutajificha wapi? Anayekujibu "hakuna shida, mzee" mshukuru, kisha uendelee kutafuta. Unayemtaka ni yule atakayeanza kukutajia ghuba ndogo, miamba iliyofichika chini ya maji, na mialo ambayo watu wake anawajua kwa majina.

Karatasi zisikuchukulie muda mrefu, ila zisirukwe. Hati ya mauziano iwe na namba ya injini iliyosomwa kwenye injini yenyewe, siyo kwenye risiti. Usajili na cheti cha usalama ni vya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania; leseni ya uvuvi ni ya halmashauri. Ukifika kwenye mwalo wa ugenini bila kitu mkononi, huku umekaa juu ya injini inayong'aa, usishangae ukiulizwa umeitoa wapi.

Halafu upepo. Mtu wa bara huhesabu safari kwa kilomita, na hapa ndipo anapopotea. Kwa maji ni zaidi ya kilomita 100 kidogo, lakini hesabu hiyo haikusaidii kitu kama hujui ni za saa ngapi. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, nao huwa mwepesi. Ukitembea kando ya ufuko wa kusini, ardhi inakukinga. Jua likishapanda mambo hugeuka: nchi kavu inapata joto, na upepo unaanza kuingia kutoka ziwani. Ghuba ya Speke imefunguka upande wa magharibi, hivyo kufikia alasiri mawimbi yanakuja na kukusukuma kutoka nyuma hadi huku mwisho. Asiyejua hufurahi kwamba anasukumwa. Nahodha hafurahi, kwa kuwa wimbi la nyuma ndilo linaloikamata boti, likaigeuza ubavu na kumimina maji juu ya injini. Dawa yake ni ya kizembe kwa macho ya mtu mwenye haraka: kutoka saa kumi na mbili asubuhi, kufunga boti saa tano, kulala.

Kwa hesabu hiyo siku zinajigawa zenyewe. Ya kwanza ni fupi, Kirumba kupitia Igombe hadi Kayenze, na makusudi yake ni kwamba chochote kitakachoharibika kiharibike karibu na Mwanza. Ya pili ni kuingia ghubani hadi upande wa Magu. Ya tatu ni kumalizia Lamadi. Nami ningeongeza ya nne isiyo na kazi yoyote, kwa ajili ya asubuhi ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari na nahodha akasema, "Leo hatutoki." Mwenye mali asiyeweza kulimeza neno hilo abaki Ngulyati.

Usiku msitembee kabisa. Radi za Ziwa Victoria hupenda usiku, na giza la mwezi ndio msimu wa dagaa: nyavu zimetandazwa, taa za wavuvi zimezagaa, na propela yako haichagui. Mkikata wavu wa mtu mtaulipa, na ni haki yake.

Petroli ina kanuni moja inayofaa kukaririwa: theluthi mbili za safari, theluthi ya akiba. Kwa mwendo wa kilomita 18 hivi kwa saa, weka saa saba au nane za injini. Injini ya mipigo miwili ya ukubwa huo, isipokazwa, itakula kama lita 12 kwa saa. Ukijumlisha na akiba, madumu manane ya lita 20 yanatosha. Oili huchanganywa ufukweni, kabla boti haijaanza kuyumba. Mwongozo wa injini ndio mwenye neno la mwisho, lakini kwa kawaida wakati wa kuzoesha ni sehemu moja ya oili kwa 25 za petroli, yaani mililita 800 kwa dumu, na baadaye 400. Kila mara injini inapowaka, tazama pale nyuma: maji ya kupoza yachuruzike bila kukatika. Yakikatika, zima hapohapo, hata kama mtu anakupungia mkono ufukweni. Mara nyingi ni gugumaji limeziba njia, na kwenye mdomo wa Mto Simiyu, hasa baada ya masika, hukosi gugumaji, magogo na matope. Plagi za akiba, propela ya akiba, kamba ya kuwashia, makasia mawili na nanga vikae mahali mnapofikia mkiwa mmekaa.

Kila mwalo mtakaolala atatokea mtu anayeomba lifti hadi Lamadi, na mwingine mwenye magunia mawili tu. Wakatalieni wote. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotengenezwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara kikiwa na zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Zaidi ya watu 220 walikufa. Wanaopanda ni nahodha, msaidizi wake na mwenye boti, kila mmoja na boya la kuvaa mwilini. La kwako jaribu kulifunga ukiwa nchi kavu. Usilikalie.

Pa kulala, fuateni penye watu. Viboko hutoka usiku kula majani, na pwani iliyo tupu yenye nyasi fupi ni njia yao.

Mkifika Lamadi, kwanza mwageni oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili, na hilo ni deni la muuzaji madhali dhamana haijaisha. Kisha kuna nahodha, ambaye kwake ni Mwanza. Nauli yake ya basi ya kurudi, na chakula chake cha siku ya nne ambayo upepo uliwazuia kutoka, ni mambo ya kupatana Kirumba, kabla kamba haijafunguliwa.