Nzi wa Mwakirunge na Maua ya Mwembe

Ukitaja Mwakirunge mjini Mombasa, wa kwanza atakutajia jaa la taka, wa pili nzi. Sitetei taka. Lakini nzi nina neno la kuwasemea, hasa majira ya kipupwe miembe inapochanua.

Mwembe ni wa jenasi Mangifera, jina alilolitoa mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753. Spishi zake zinapindukia 60, asili yake Asia ya kitropiki. Maembe yetu ya Pwani, yawe ngowe, boribo au dodo, yote ni ya spishi moja, Mangifera indica, jamaa ya mkanju. Ndiyo maana utomvu wa kikonyo huunguza midomo. Mwembe si mgeni wa jana: msafiri Ibn Battuta, alipokaribishwa Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa embe za achari.

Sasa sogea karibu na kishada cha maua. Kina mamia ya maua, pengine maelfu, kila moja likitoshana na punje ya mchele. Mengi ni madume: yana chavua lakini hayawezi kuzaa. Machache yana jinsia zote mbili, na hata hayo mengi hupukutika. Kishada kikikupa embe moja au mbili, shukuru. Mwembe uliojaa maua bado haujakuahidi kitu.

Chavua yake hunata, kwa hivyo upepo hausaidii sana. Nekta nayo imekaa wazi juu ya kisahani kifupi, na nzi mwenye mdomo mfupi huilamba bila taabu. Nyuki huja pia, ila kazi kubwa ni ya nzi. Australia wapo wakulima wanaotundika mabaki ya samaki au nyama shambani ili kuwaita.

Msimchanganye nzi huyu wa maua na nzi wa matunda, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Huyo hutaga mayai ndani ya embe, na kwa ajili yake Kenya ilisitisha kuuza maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014, ikarejea 2021. Huyo mtegeeni mitego, na maembe yaliyoanguka yafukieni ndani kabisa.

Ila dawa ya wadudu msiipulize juu ya maua yaliyofunguka. Wekeni kabla hayajafunguka, au subirini hadi vijiembe vifikie ukubwa wa mbaazi.