Msumari Usioshika Sana: Kuvalisha Nyumba Minnesota

Jua likizama Kisumu au Dodoma, mabati huanza kulia. Ta, ta, ta, kama kuna mtu juu anadondosha kokoto. Mtoto anayelala chini yake huambiwa mapema kwamba huyo si mwizi wala paka, ni bati limepata baridi ya jioni na linanywea. Fundi aliyekulia chini ya bati hilo tayari anajua jambo kubwa kuliko yote katika kuvalisha nyumba za Minnesota. Kinachobaki ni kujua kwamba huku jambo hilo lina nguvu zaidi.

Nyumba nyingi za huku ni za fremu ya mbao, si za tofali. Fremu hufunikwa kwa plaiwudi, plaiwudi hufungwa karatasi ya kuzuia maji, kisha juu kabisa nyumba huvalishwa saidingi. Iliyoenea sana ni ya vinili, plastiki ya jamii moja na ile ya mabomba ya PVC, iliyokunjwa ionekane kama mbao zilizolaliana. Wakenya wengi waliohamia vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park wanaishi ndani ya nyumba za aina hii. Nataka mwenye nyumba ajue fundi anapaswa kufanya nini, na kijana aliyeshika nyundo ajue kwa nini.

Turudi kwenye lile bati. Mita moja ya chuma hurefuka milimita 0.012 hivi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka. Vinili hurefuka takriban mara tano ya hapo. Sasa chukua usiku wa Januari uliofika nyuzi 25 chini ya sifuri, uuweke kando ya alasiri ya Julai yenye nyuzi 35. Tofauti ni nyuzi 60, na bado hatujahesabu jua linaloupiga ukuta moja kwa moja. Paneli ya kawaida ina urefu wa kama mita 3.8. Ukizidisha utapata kwamba hiyo paneli moja hutembea zaidi ya milimita 13 kati ya majira hayo mawili, karibu upana wa kidole cha mwisho. Na ukuta mmoja una paneli kadhaa zilizofuatana.

Ndiyo maana matundu ya misumari kwenye ukingo wa juu wa paneli si ya duara. Ni marefu, yamelala kufuata urefu wa paneli, ili paneli iteleze huku msumari umetulia. Msumari hupigwa katikati ya tundu, ukiwa umenyooka, na kichwa chake hakigusi plastiki. Huachwa nafasi kama unene wa sarafu ya Kimarekani ya senti 10.

Nafasi hiyo ndogo ndiyo iliyonishinda katika kazi yangu ya kwanza huku. Nilikuwa nimefunzwa kuezeka, na katika kuezeka msumari uliolegea ni aibu, maana upepo utang'oa bati na mvua itaingia. Basi nikapiga kila msumari mpaka ukakaa. Tulimaliza Aprili, ukuta umenyooka kama umepigwa rula. Julai mwenye nyumba akatuita. Upande wa magharibi ulikuwa umevimba mawimbi mawimbi toka msingi hadi dari. Paneli hazikuwa na kasoro yoyote. Zilitaka kurefuka, zikajikuta zimebanwa kila sentimita 40, na njia pekee iliyobaki ilikuwa kutoka nje. Tulibandua upande mzima.

Miisho ya paneli nayo inahitaji uhuru. Pale inapoingia kwenye nguzo ya kona au kwenye mfereji unaozunguka dirisha, acha milimita 6. Ukifanya kazi hiyo wakati joto liko chini ya nyuzi 4 au 5, acha 10, kwa sababu siku hiyo umeikuta paneli ikiwa fupi na urefu wake wa kiangazi bado unakuja. Paneli mbili zikikutana, zilaliane kwa sentimita 2.5 hivi. Wapo mafundi wanaoziba miisho hiyo kwa silikoni wakidhani wanazuia mvua. Wasifanye hivyo. Mvua huzuiwa na ile karatasi ya nyuma. Silikoni itaifunga paneli isitembee na kuyanyima maji yaliyoingia njia ya kutoka. Bomba likipenya ukutani, tundu lake nalo liachiwe milimita 6 pande zote.

Kosa jingine ni kuvuta. Paneli ikishasukumwa mpaka ulimi wake ukashika ile ya chini, fundi mwenye haraka huivuta juu ili ikae imara, kisha akapigilia. Paneli ya vinili inaning'inizwa. Ikivutwa, viungo hubanana, na kilichobanana hakitelezi. Nguzo ya kona pia huning'inia: msumari wa juu kabisa hukaa kwenye ncha ya juu ya tundu, iliyobaki katikati.

Baridi kali huifanya vinili ikatike kama kigae. Msumeno wa umeme wa meno madogo, blade yake ikigeuzwa kinyume na kuendeshwa polepole, hukata bila kupasua. Lakini blade iliyogeuzwa ni ya vinili tu, usiitie kwenye mbao. Joto nalo lina hila yake. Vinili huanza kulainika ikikaribia nyuzi 70, kwa hiyo jiko la kuchomea nyama lisisogezwe ukutani. Hata dirisha la jirani laweza kuiharibu. Vioo viwili vya dirisha la kisasa hubonyea kidogo ndani kukiwa na baridi, vikakusanya mwanga wa jua kama kioo cha kukuzia na kuutupa kwenye ukuta wa pili. Ukiona mstari uliokunjamana mahali pamoja, na misumari haina tatizo, geuka utazame ng'ambo kabla hujamlaumu fundi.

Kabla hujalipa, weka viganja juu ya paneli katikati ya ukuta, uisukume kulia, kisha kushoto. Inapaswa kuteleza kidogo. Ikigoma, imekazwa. Kama bado haijapinda, kuna kifaa chembamba cha kufungulia ulimi wa paneli: unaiachia ile ya juu yake, unaingiza mtaimbo mdogo, unarudisha kila msumari nje kwa unene wa ile sarafu, kisha unafunga tena. Iliyokwisha kujikunja kwa joto hainyooki. Hiyo unaitoa na kuweka nyingine.