Skrini Nyeusi Haimaanishi Kadi Imekufa

Jana ulisasisha Ubuntu. Leo asubuhi umewasha kompyuta, nembo ya mtengenezaji ikatokea, kisha giza. Feni zinazunguka, taa inawaka, skrini tupu. Hapo ndipo watu huchukua uamuzi wa kuumiza: mmoja anakimbilia dukani kununua kadi nyingine ya michoro, mwingine anafuta kila kitu na kusimika mfumo upya, kazi za miaka zinapotea. Nakusihi usifanye hivyo kabla ya kusoma dalili, maana iliyo muhimu umeshaiona. Ikiwa waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi yenyewe, basi nembo ile imechorwa na kadi hiyohiyo unayoiombolezea.

Kinachokosekana mara nyingi ni draiva, programu inayouwezesha mfumo kuongea na kadi. Kwenye Linux, draiva hupakiwa kama moduli ndani ya kerneli, kile kiini kinachosimamia vifaa vyote. Kwa kadi za Intel na AMD, moduli huja pamoja na kerneli. Amdgpu ya AMD imo humo tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015. Kerneli ikipanda toleo, nayo inapanda.

NVIDIA ina utaratibu mwingine. Moduli yake hukaa nje, na kila kerneli mpya inahitaji moduli iliyojengwa kwa ajili yake. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliwahi kuitukana kampuni hiyo hadharani katika Chuo Kikuu cha Aalto, Ufini, mwaka 2012, kwa ugumu wa kushirikiana nayo. Mei 2022 kampuni ilifungua msimbo wa moduli zake kwa kadi za kuanzia kizazi cha Turing. Nilifurahi, na bado nafurahi, lakini moduli hizo pia ziko nje ya kerneli, kwa hiyo haja ya kuzijenga upya iko palepale.

Kazi hiyo mara nyingi hufanywa na DKMS, programu inayojenga moduli yenyewe kila kerneli mpya inapoingia. Inahitaji kifurushi cha linux-headers kinacholingana na kerneli hiyo. Kisipokuwepo, ujenzi unakwama, na onyo lake linapita katikati ya mistari mingi ya usasishaji bila kuonwa na mtu. Kuna jambo la pili. Uliposimika draiva ya NVIDIA, nouveau, ile draiva huria ya kadi hizo, ilizuiwa ili zisigombanie kadi moja. Sasa moja haikujengwa, nyingine imefungiwa mlango, na kadi haina wa kuiendesha.

Kwa hiyo anza na kerneli ya jana. Washa kompyuta huku ukishikilia Shift, au ukibonyeza Esc kwenye mashine za UEFI, mpaka menyu ya GRUB, ya kuchagua kerneli ya kuwashia, itokee. Ingia kwenye chaguo za ziada, uchague kerneli iliyotangulia. Mazingira yakirudi kama kawaida, umepata jibu: kadi nzima, draiva nzima, kilichoharibika ni uhusiano wao na kerneli mpya. Simika linux-headers yake, kisha amri ya dkms status ikuonyeshe kama moduli imejengwa kwa toleo hilo.

Kerneli ya zamani nayo ikigoma, rudi GRUB, bonyeza e, uongeze neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Picha itakuwa duni na nzito, lakini utaingia. Hapo andika lspci -k kwenye terminali, utafute kadi yako. Chini yake kuna mstari unaotaja draiva inayotumika. Usipouona, kadi haijashikwa na yeyote.

Sababu nyingine inayowasumbua wengi ni Secure Boot, ulinzi unaokataa moduli isiyo na saini inayotambulika. Andika sudo modprobe nvidia. Ukijibiwa “Key was rejected by service”, moduli ipo ila saini yake imekataliwa. Wakati wa kusimika draiva uliombwa nywila, na kompyuta ilipowaka upya ikatokea skrini ya buluu ikisubiri uthibitishe ufunguo. Wengi huipita wakidhani ni hitilafu. Kwenye Ubuntu unaiita tena kwa sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, uweke nywila na uwashe kompyuta upya; ikitokea safari hii, chagua Enroll MOK, uingize nywila hiyo.

Wenye kompyuta za mtumba waangalie na umri wa kadi. Kadi za kizazi cha Kepler, zikiwemo nyingi za GeForce 600 na 700, ziliishia kwenye draiva ya mfululizo wa 470. Za Fermi ziliishia 390. Ukiipa kadi hiyo draiva mpya zaidi, haitaitambua. Amri ya ubuntu-drivers devices itakutajia inayofaa. Isimike kutoka hazina ya Ubuntu yenyewe, wala usipandishe juu yake faili ya .run kutoka tovuti ya mtengenezaji. Mbili hizo zikichanganyika, kuzitenganisha ni kazi ya siku nzima.

Picha zikirudi, hakikisha ni kadi inayochora kweli. Endesha glxinfo -B. Ukiona jina llvmpipe, anayechora bado ni prosesa, na kadi yako imekaa bure.