Wasiwasi una msimu wake



Kila mwaka, tukipita katika mikutano yenu mwezi wa nane na wa tisa, maneno tunayosikia ni karibu yale yale. Mbegu itatoka wapi? Minerval ya watoto wa sekondari tutailipa na nini? Mvua itakuja kwa wakati wake? Watu hawapati usingizi. Halafu mmoja anainuka na kusema: «Muache kujisumbua, ya kesho ni ya kesho.» Wengine wanapiga makofi, wengine wananung'unika.

Tukiangalia vizuri, pande zote mbili zina haki kidogo. Wasiwasi wa mwezi wa tisa haujazi gunia. Lakini wasiwasi ule ule, kama ungekuja mwezi wa sita wakati maharagi yamelala kwenye uwanja, ungefanya kazi kubwa. Shida yetu si kuwa na wasiwasi mwingi. Shida ni kwamba unatufikia wakati hakuna tena cha kufanya, na nyumba ikijaa tunalala vizuri sana.

Mavuno ndiyo saa yake

Hapa kwetu Kivu, maharagi ya msimu B yanavunwa mwezi wa sita hivi, na msimu A unapandwa mwezi wa tisa. Kila mtu akivuna, soko linajaa na bei inaanguka. Kila mtu akitafuta mbegu, bei inapanda. Mtu aliyeuza ndiye anarudi kununua.

Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Nyinyi muweke bei ya soko lenu. Shamba la are 25 linaomba karibu kilo 20 za mbegu ya maharagi mafupi. Ukiuza kilo hizo kwa franka 1500, unapata 30.000. Ukizinunua tena kwa 2500, unatoa 50.000. Franka 20.000 zimepotea, na mbegu uliyonunua hujui imetoka wapi.

Tunajua juu ya nini watu wanauza haraka: deni, dawa, mtoto mgonjwa. Mama mmoja alituambia: «Agronome, mwenye deni akifika, atakuta nini nyumbani? Maharagi tu.» Ni kweli. Ndiyo maana mbegu itengwe siku ile ile ya kupura, mbele mnunuzi hajafika. Na kwa shida ndogo ndogo, kwanza ombeni mkopo kwenye AVEC yenu, gunia la mbegu libaki.

Wanasema akiba haiozi. Ya maharagi inaoza, kama haikukauka. Chukueni chupa kavu, mtie chumvi kavu kidogo pamoja na maharagi, mtikise, muache kidogo. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, rudisheni maharagi kwenye jua. Isiposhika, yawekeni katika chombo kinachofungwa kabisa hewa isiingie: bidoni yenye kifuniko kizuri, ama gunia lenye mifuko miwili ya plastiki ndani. Bila hewa, wadudu wanakufa. Mkifungua kila siku kuangalia, mnawapa pumzi.

Mgomba ungali kijani

Ugonjwa wa kunyausha migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, kisha ukasambaa Kivu. Wasiwasi mbele ya mgomba uliokwisha kunyauka umechelewa. Saa yake ni wakati mgomba ungali kijani na mkungu umemaliza kutoa chane la mwisho. Siku hiyo vunjeni ua la dume kwa kijiti chenye pande mbili. Msitumie panga, kwa sababu panga linabeba ugonjwa kutoka shina hadi shina, na wadudu wanaleta ugonjwa kupitia ua hilo. Panga la kukatia majani lipitishwe kwenye moto kabla ya kuingia shina lingine.

Na kama tutakimbia?

Ulizo hili ndilo zito kuliko yote, na hatutalizunguka. Papa mmoja alisema mbele ya wote: «Nitunze mbegu juu ya nani? Vita ikikuja, nitaacha yote.» Hakuna agronome anayeweza kumuahidi kwamba haitakuja.

Lakini hata wasiwasi huo unaweza kubadilisha namna ya kulima. Msiweke mbegu yote katika nyumba moja. Igawanyeni katika nyumba tatu, na moja, kama inawezekana, iwe kwa ndugu wa kijiji kingine. Msipande zao moja tu. Maharagi yanaiva katika miezi mitatu hivi. Muhogo, ukishakomaa, unaweza kungoja ndani ya udongo miezi mingi, na aliyerudi nyuma ya kukimbia anaweza kukuta chakula ambacho hakikubebwa pamoja na magunia. Pesa kidogo ikae AVEC, isikae yote chini ya kitanda.

Hayo hayazuii vita. Yanazuia tu kupoteza vyote siku moja.

Kazi ya mkutano wa mavuno

Tunaomba kila kooperative ifanye mkutano mmoja wakati wa mavuno, magunia yakiwa bado yamejaa. Kila mwanamemba aseme jambo moja linalomnyima usingizi. Sekretere aandike, na pembeni yake aweke vitu viwili: nani atafanya nini, na siku gani. «Mbegu itakosa» inakuwa: kila nyumba italeta kilo 20 zilizokauka, siku ya posho, komite itapima kwa chupa.

Yatabaki mambo yasiyo na mtu wala siku ya kupewa, kama mvua na bunduki. Muyaseme pia, kwa sababu mzigo uliosemwa mbele ya wengine haubebwi na mtu mmoja. Kisha mrudi kwenye karatasi, kwa sababu mbegu inangoja.

Mtakapofika mwezi wa tisa, leteni karatasi hiyo. Tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari, tuone nini kilifanyika.