Mwewe ana kesi, shakivale hana

Biashara hunipeleka Meru na Embu mara kwa mara, na huko, kama kwetu Pwani, nimeona kila ndege mwenye kucha kali na mdomo uliopinda huitwa mwewe. Akishaitwa mwewe, hukumu imepita: jiwe, manati, au kipande cha nyama kilichotiwa sumu. Baadhi ya Waislamu wenzangu huongeza na dalili. Husema Mtume (S.A.W.) alitaja viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram, na mwewe yumo.

Ni kweli yumo, na hadithi yenyewe imo katika Bukhari na Muslim. Lakini tuitaje yote. Watano hao ni kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Panya naye yumo! Na ndege mkubwa unayemwona ametulia juu ya nguzo kando ya barabara ya Timau, au juu ya mashamba ya chai ya Embu, aghalabu si mwewe. Ni shakivale, na panya ndiyo riziki yake.

Kuwatofautisha si kazi. Mwewe ana rangi ya kahawia mwili mzima, mdomo wa manjano, na mkia wenye panda kama mkia wa samaki, ambao huupindapinda angani kama usukani. Shakivale ana mgongo mweusi-kijivu, kifua cheupe, mabawa mapana, na mkia mfupi mwekundu kama tofali. Wako pia shakivale weusi hadi tumboni, hasa kwenye misitu ya mlimani, lakini mkia ni ule ule.

Tabia zao ndizo zilizo mbali zaidi. Mwewe ni mtu wa mjini. Huzunguka majaani, machinjioni na sokoni, hunyakua kifaranga, hunyakua samaki, hata mkate mkononi mwa mtoto. Matambara hubeba akajengea kiota. Shakivale ni mvumilivu. Hukaa juu ya nguzo muda mrefu akitazama chini, kisha hushuka ghafla na kuinuka na panya, mjusi, nyoka au fuko. Siwezi kusema hagusi kifaranga kabisa, maana akikikuta peke yake atakichukua. Lakini muulize mkulima wa Embu fuko wamemla viazi na karoti kiasi gani, mpaka humlipa mtu wa kuwatega. Shakivale hufanya kazi hiyo bila malipo.

Sumu haichagui. Nyama iliyotegewa fisi au mbwa huua ndege yeyote atakayeishukia, na panya aliyekula sumu akayumbayumba uwanjani ndiye rahisi zaidi kukamatwa. Nyaya za umeme nazo huwaua, kwa sababu mabawa yao mapana hugusa nyaya mbili kwa pamoja. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha hesabu za ndege wawindaji waliowaona barabarani Kenya miaka ya 1970 na tena kati ya 2003 na 2020. Kati ya aina 22, aina 19 zilikuwa zimepungua, na shakivale ni miongoni mwa waliopungua sana. Ndege huyu kwa kawaida hutaga mayai mawili tu. Ukiua mmoja, pengo halizibiki upesi.

Mwenye kuku na azuie vifaranga chini ya tenga au wavu mpaka waote manyoya vizuri. Hiyo huwakinga na mwewe, shakivale na kicheche kwa pamoja. Na kwa panya, mtego ni bora kuliko sumu.

Jambo moja kabla hujaokota jiwe: kinda la shakivale bado halina mkia mwekundu, lina kahawia tupu, na hapo wengi hukosea. Basi usitazame rangi. Tazama panda ya mkia.